Kutu Katika Tangi la Pikipiki Kuukuu: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Mwenye pikipiki kuukuu akipita kwenye karakana za jua kali za Kibuye, Kisumu, amekumbatia tangi lenye kutu, hatakosa mshauri. Wa kwanza atamwambia alitie kokoto alitikise, wa pili atamtajia maji ya betri, na wa tatu atataka lipakwe rangi ndani ili mambo yaishe. Nimeyajaribu mengi ya mashauri hayo kwa tangi la Honda CG125 yangu, pikipiki ya muundo ulioanza kuundwa mwaka 1976, na nimejifunza kwa hasara kwamba karibu wote huzungumzia namna ya kuing'oa kutu, ilhali kuing'oa ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu uko katika ile nusu saa inayofuata, chuma kikiwa kitupu na bado kina majimaji.

“Petroli mbaya ndiyo iletayo kutu”

Petroli peke yake haishikishi chuma kutu. Kutu huhitaji maji na oksijeni, na maji hayo huingia tangini kwa njia ambazo mwenye pikipiki hazitilii maanani: mpira wa kifuniko uliokauka, pampu ya kuoshea inayoelekezwa pale pale kwenye kifuniko, na hewa yenyewe. Tangi lina tundu dogo la kupumulia. Mchana jua likipiga, mvuke hupanuka na kutoka. Usiku kukipoa, tangi huvuta hewa ya nje pamoja na unyevu wake, na unyevu huo hugeuka matone juu ya bati lisilofikiwa na mafuta. Kisumu iko kandokando ya ziwa, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,131, na hewa yake haikosi unyevu. Nakuru iko juu zaidi, kwenye mita 1,850 hivi, na huko usiku wa baridi hufuata mchana wa jua, kwa hiyo tangi hupumua sana. Tangi lililoachwa nusu kwa miezi kadhaa huoza juu, matone yanakoshika, na huoza chini kabisa, yanakoishia, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja ilhali lita ya petroli ina kama robo tatu ya kilo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaowaonya vijana wa bodaboda wasifike kwenye rizavu eti watavuta uchafu. Koki ikiwa katika nafasi ya kawaida, mafuta huchotwa kwa mrija uliosimama juu ya sakafu ya tangi; rizavu huchota chini. Asiyeigusa rizavu kwa miaka mingi huwa anakilinda kidimbwi cha maji mahali pale pale kinapokula chuma. Injini ikiwa imepoa, chomoa mpira wa mafuta, elekeza koki kwenye rizavu, kinga mafuta kidogo kwa chupa ya kioo, kisha iache itulie. Maji yakiwapo yatajitenga chini kwa mstari unaoonekana wazi, na punje za rangi ya tofali zitakuwa zimelala humo.

“Siki ndiyo iliyotoboa tangi langu”

Siki ya dukani ina asidi kiasi cha asilimia 5 tu. Huila kutu polepole, kwa siku moja, mbili au zaidi, na bati zima hailidhuru sana kwa muda huo. Tundu linaloonekana baada ya kuimwaga siki lilikuwapo tangu zamani, ila lilikuwa limezibwa na kutu yenyewe pamoja na ule utomvu wa petroli iliyokaa mno. Ni afadhali lijitokeze mezani kuliko katikati ya magoti ya dereva, juu ya injini inayochemka.

Maji ya betri ni jambo jingine. Asidi hiyo hufanya kazi haraka, lakini haichagui: ikimaliza kutu huendelea na chuma, hutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto, na tone moja likimrukia mtu jichoni anaweza kupofuka. Nimewahi kuona pia jiki ikitiwa tangini kwa imani kwamba kinachong'arisha shuka kitang'arisha bati. Jiki huongeza kasi ya kutu, na ikikutana na siki au asidi nyingine yoyote hutoa klorini, gesi inayounguza mapafu.

Kwa atakayetumia siki, kuna mambo yanayosahauliwa. Koki na kifuniko vitolewe kwanza, kwani madini yake mepesi huliwa na asidi. Tangi lioshwe kwa maji moto na sabuni, maana siki haipenyi penye mafuta. Kutu iliyobanduka kwa magamba ing'olewe kwa nati kuukuu au kipande cha cheni badala ya kokoto, ambazo huacha vipande kwenye maungio. Nazo nati zihesabiwe, zikiingia 20 zitoke 20. Kisha siki ijae hadi shingoni, la sivyo upande wa juu utabaki na kutu yake.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya umeme, na kiungo chake kiko sokoni. Magadi, yale yale yanayolainisha mrenda na kunde, asili yake ni chumvi za sodiamu kutoka Ziwa Magadi, na yakiyeyushwa majini hupitisha umeme vizuri. Tangi lililokwisha kuoshwa hadi lisinuke petroli hujazwa maji hayo, fimbo ya chuma cha kawaida ikaning'inizwa ndani bila kugusa ukuta, kisha chaja ya betri ya volti 12 ikaunganishwa: waya wa hasi kwenye tangi, wa chanya kwenye fimbo. Ukizigeuza, utalila tangi. Chuma kisichoshika kutu, kile cha vijiko, kisitumiwe kuwa fimbo, kwa sababu huacha sumu majini. Kazi hii ifanyiwe nje, pasipo moto wala sigara, kwa kuwa povu linalopanda lina haidrojeni.

“Likishang'aa, kazi imekwisha”

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, nami niliharibikiwa. Nilimwaga siki, nikachungulia kwa tochi, nikaona bati la kijivu safi, nikaenda kula. Niliporudi ndani palikuwa pa rangi ya chungwa kote, kama unga wa pilipili ulionyunyizwa. Chuma kilichotoka kuvuliwa kutu, kikiwa na maji na mabaki ya asidi, hushika kutu mpya kwa dakika chache tu.

Kwa hiyo kila kitu kiandaliwe mapema. Siki ikitoka, maji ya magadi yaingie mara moja ili kuua asidi iliyobaki. Kisha maji safi. Kisha spiriti kiasi cha kikombe, izungushwe kila pembe ili ibebe maji yaliyojificha kwenye maungio, imwagwe, na tangi liachwe juani mdomo ukitazama chini. Asiye na spiriti anaweza kukausha kwa blowa ya saluni. Viwili hivyo visichanganywe, kwa kuwa mvuke wa spiriti na cheche za blowa ni moto. Likikauka, ndani lizungushiwe petroli iliyochanganywa na oili kidogo, na siku hiyo hiyo lijazwe hadi juu.

“Tangi tupu haliwezi kulipuka”

Tangi lililojaa pomoni lina petroli nyingi na hewa kidogo. Tangi tupu lina mvuke na hewa ya kutosha, na mchanganyiko huo ndio unaolipuka. Mvuke wa petroli ukifika kama asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa iliyomo, cheche moja inatosha. Suuza moja ya maji haiondoi hatari, kwa sababu petroli hujificha ndani ya kutu na kwenye maungio, na joto la kuchomelea huifukuza itoke tena. Wapo mafundi wanaoingiza moshi wa injini tangini ili ifukuze hewa. Njia hiyo siiamini, kwani hakuna anayejua hewa kiasi gani imebaki. Njia ya maji ni bora: tangi lioshwe kwa maji moto na sabuni mara kadhaa, lilazwe tundu likiwa juu, kisha lijazwe maji hadi karibu na tundu lenyewe, ibaki nafasi ndogo mno ya mvuke kujikusanya. Bati lililoliwa likawa jembamba kama karatasi halifai kuchomelewa hata hivyo. Hapo lehemu, au kiraka cha bati jipya kilichotiwa lehemu, hushika vizuri zaidi, kwa tahadhari zile zile, kwa maana chuma cha lehemu nacho hupashwa moto jikoni.

Kipande cha sabuni ya mche kikipakwa juu ya tundu huzuia mafuta, hilo ni kweli, na kimewafikisha wengi nyumbani. Mvua ya kwanza hukiosha.

“Lipakwe rangi ndani, filta itamalizia”

Rangi ya mafuta ya kawaida huyeyushwa na petroli. Niliwahi kulipia kazi ya namna hiyo. Baada ya wiki chache rangi ilikuwa imejikunja kama ganda la ndizi, na vipande vyake vimeziba koki na kabureta. Ipo rangi maalumu ya epoksi ya matangi, lakini nayo hushika tu kwenye chuma kikavu kisicho na mafuta, na ikipakwa juu ya kutu hubanduka vivyo hivyo. Filta, kwa upande wake, huzuia magamba. Vumbi laini la kutu hupita, hukaa kwenye kiti cha sindano ya kabureta, sindano ikashindwa kufunga, na petroli ikadondoka chini usiku kucha pikipiki ikiwa imeegeshwa. Tangu kazi ile ya rangi initie hasara, mekanika akinionyesha kabureta inayovuja, mimi kwanza huchungulia tangini.