Mtoto ameanza uji: maziwa ya kopo yabaki namba 1 au yahamie namba 2?

Mama alifungua begi la mtoto akatoa makopo mawili, akayapanga mezani kwangu. La namba 1 lilikuwa limebaki nusu. La namba 2, lile la kuanzia miezi sita, lilikuwa na siku tatu tangu lifunguliwe. "Dokta, Jumatatu katimiza miezi sita, nikambadilishia maziwa. Sasa choo kimekuwa kigumu, akijikamua analia. Nimrudishe namba 1? Au nitamdumaza?"

Mimi ni afisa lishe, si daktari, lakini pale kliniki kila mwenye koti jeupe huitwa dokta. Nimeandika makala haya kwa sababu ya lile neno lake la mwisho. Anayeogopa kumdumaza mwanawe atanunua chochote atakachoambiwa, hata kama kodi ya nyumba haijalipwa.

Nianze na anayenyonyesha. Kama mwanao bado ananyonya, mjadala huu wa makopo haukuhusu. Endelea kumnyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, na baada ya miezi sita mwongezee chakula. Neno "kulikiza" limewaponza wengi: mtu akisikia mtoto wa miezi sita analikizwa, anadhani ni wakati wa kumwachisha ziwa. Sivyo. Anaongezewa chakula, haondolewi maziwa.

Ila najua wapo waliofika kwenye kopo kwa njia ambayo hawakuichagua. Likizo ya uzazi kwa sheria yetu ya kazi hapa Tanzania ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Sheria inatoa pia hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku katika muda wa kazi, lakini kwa anayeishi Mbagala na kufanya kazi Masaki, jijini Dar es Salaam, saa mbili hizo zinaishia kwenye foleni. Wapo waliougua, na wapo wanaolea mtoto aliyefiwa na mama. Nawaandikia hao, na sina neno la kuwahukumu.

Jibu langu ni hili: maziwa namba 1 yanamtosha mtoto mpaka atimize mwaka mmoja. Hakuna siku anayolazimika kuhamia namba 2.

Najua kopo linaonekana kusema vingine. Makopo mengi ya namba 1 madukani kwetu yameandikwa miezi 0 hadi 6, na mama akisoma hapo anaelewa kwamba siku ya 181 maziwa hayo hayamfai tena mwanawe, kama dawa iliyopita muda wake. Maana ya maandishi hayo ni nyingine. Kiwango cha mwaka 1981 cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya vyakula, kinayaeleza maziwa hayo kuwa yametengenezwa ili yaweze, yakiwa peke yake, kukidhi mahitaji ya mtoto mchanga hadi pale anapoanzishiwa chakula. Shikilia maneno "yakiwa peke yake". Baada ya miezi sita hakuna maziwa yanayotosha peke yake, hata ya mama. Chuma ambacho mtoto alizaliwa nacho mwilini kimekwisha au kinaelekea kwisha, mwili umekua, na anahitaji sahani. Namba 1 haijaacha kufaa, ila imepata msaidizi, na msaidizi huyo ni chakula. Na namba 2? Kiwango chake, cha mwaka 1987, kinaieleza kuwa ni sehemu ya majimaji ya mlo wa mtoto anayelikizwa. Nayo haikukusudiwa kutosha peke yake.

Sasa tuangalie ndani ya kopo. Wengi huamini namba 2 ni "nzito", inashibisha, inamlaza mtoto usiku. Kwa viwango vya Ulaya, namba 1 na namba 2 zote hutakiwa kuwa na kilokalori 60 hadi 70 katika kila mililita 100. Nguvu ni ile ile. Tofauti mojawapo ni ya protini. Ukiweka maziwa yagande yawe mtindi, utaona sehemu nzito na majimaji yanayojitenga. Protini kubwa ya sehemu ile nzito ni kaseini. Protini za kwenye majimaji huitwa wei. Namba 1 nyingi zina wei zaidi, ili zikaribiane na maziwa ya mama, na namba 2 nyingi zina kaseini zaidi. Kaseini hukaa tumboni muda mrefu kidogo, na hapo ndipo imani ya "nzito" ilipozaliwa. Haimfanyi mtoto akue haraka zaidi.

Tofauti ya pili ni madini chuma, na hapa sitaki kumficha mzazi jambo. Kwa viwango hivyo vya Ulaya, namba 1 ya maziwa ya ng'ombe iwe na chuma miligramu 0.3 hadi 1.3 kwa kila kilokalori 100, na namba 2 iwe na 0.6 hadi 2.0. Kwa hiyo namba 2 mara nyingi huwa na chuma zaidi, na chuma si jambo dogo. Kwa mapendekezo ya Marekani, mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji miligramu 11 kwa siku. Mwanaume mzima anahitaji 8. Kichanga ambaye hajasimama anahitaji chuma kuliko baba yake! Na sisi tuna tatizo: utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu.

Mzazi makini ataniuliza, basi kwa nini usiseme namba 2? Kwa sababu chuma kinachofyonzwa vizuri kiko buchani na kwenye mabanda ya kuku, na mtoto anapaswa kujifunza kukila. Gramu 30 za maini ya kuku yaliyopikwa, yaani kama vijiko viwili vya chakula vikishapondwa, zina takriban miligramu 3 za chuma, tena cha aina ambayo mwili unaipokea kwa urahisi. Mara moja au mbili kwa wiki zinatosha, maana maini yana vitamini A nyingi sana. Siku nyingine ni nyama ya kusaga, dagaa waliooshwa mchanga na kusagwa, maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda. Mtori wenye nyama ya kweli ndani, si maji ya mfupa tu, ni chakula kizuri mno kwa umri huu. Weka na kipande cha embe, papai au maji ya chungwa, kwa sababu vitamini C husaidia chuma cha mimea kufyonzwa. Na chai ya rangi kwa mtoto naomba iachwe kabisa; inakizuia chuma hicho hicho unachohangaika kukitafuta.

Kinachonihuzunisha ni kuona familia inajikamua kununua namba 2 huku mtoto anakunywa uji mwepesi wa sembe na sukari mara tatu kwa siku. Hela iliyozidi kwenye kopo ingenunua mayai. Na hata huo unaoitwa uji wa lishe, wenye nafaka saba na karanga na soya vimesagwa pamoja, naomba tuutazame upya. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na ukivisaga pamoja na kuweka miezi, huoni tena punje mbovu ni ipi. Nafaka moja au mbili safi zinatosha. Karanga chagua mwenyewe punje kwa punje, saga kidogo kidogo.

Uji uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika. Mtoto asiyenyonya ale mara 4 au 5 kwa siku. Maziwa yatapungua yenyewe: miezi 7 hadi 9 wengi hunywa kama mililita 600 kwa siku, na karibu na mwaka kama 400. Akipunguza maziwa kwa sababu anakula, usiogope.

Je, hii namba 2 ilitoka wapi kama haina ulazima? Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni ya kimataifa inayozuia kutangaza maziwa mbadala wa maziwa ya mama. Miaka mitano baadaye, mwaka 1986, mkutano huo huo ukasema wazi kwamba maziwa ya hatua ya pili si ya lazima. Yaliendelea kuuzwa. Katika nchi nyingi, Uingereza ikiwemo, sheria inakataza kutangaza namba 1 lakini inaruhusu namba 2. Kopo moja likifanana na lingine kwa rangi, jina na picha, na tofauti ni tarakimu tu, anayeona tangazo la namba 2 ameona na la namba 1. Ndiyo maana huduma ya afya ya Uingereza huwaambia wazazi kwamba maziwa ya hatua ya kwanza ndiyo pekee yanayohitajika mwaka mzima wa kwanza, kwa mtoto anayetumia kopo. Kwetu tuna kanuni zetu za mwaka 2013, Kenya wana sheria yao ya mwaka 2012, lakini sheria haisimami nyuma ya kaunta ya duka. Yule mama aliambiwa na muuzaji: "Kashaanza kula, namba 1 haimsaidii tena." Naamini muuzaji hakuwa na nia mbaya. Alisoma kopo kama alivyolisoma mama.

Sisemi namba 2 ni sumu. Mtoto akishatimiza miezi sita, anakula, na umekuta duka lina namba 2 tu, mpe. Kama nyumbani hamli nyama, au mtoto anakataa kila chenye chuma, chuma cha namba 2 kinaweza kumsaidia wakati mnaendelea kumfundisha kula. Ila mpeleke pia apimwe wingi wa damu, usitibu kwa kukisia. Marufuku yangu ni moja: mtoto ambaye hajatimiza miezi sita asipewe namba 2, hata kama ni mnene, hata kama haamki ila kulia njaa. Na aliyezaliwa njiti, au mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, afuate maelekezo ya daktari wake, si ya makala haya.

Namba 3 nitaipita haraka: huihitaji. Baada ya mwaka, maziwa ya kawaida ya ng'ombe au mbuzi yaliyochemshwa yanatosha. Kabla ya mwaka, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unakubali maziwa ya mnyama kuanzia miezi sita kwa asiyenyonya. Kwa familia isiyomudu kopo hiyo ni nafuu kubwa, na sitamwambia mtu amefanya kosa. Lakini yana chuma kidogo mno, kwa hiyo sahani ndiyo itabeba mzigo wote. Anayemudu namba 1 aendelee nayo. Maziwa mabichi, kamwe.

Kinachoumiza watoto kuliko uchaguzi wa namba ni uchanganyaji. Kupunguza unga ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni kumpa mtoto njaa ndani ya chupa. Kuzidisha au kushindilia kijiko kunalemea figo na kumkausha choo. Unga wa maziwa pia hauko safi kabisa bila vijidudu; unaweza kubeba bakteria aitwaye Cronobacter sakazakii, ndiyo maana maji yawe na joto lisilopungua nyuzi 70. Chemsha, acha yapoe kwa muda usiozidi nusu saa, mimina maji kwanza kisha unga, halafu poza chombo kwenye maji baridi kabla ya kumnywesha. Yasiyotumika ndani ya saa mbili mwaga. Dada wa nyumbani aelekezwe kwa vitendo, si kwa simu. Na tumia kikombe. Mtoto wa miezi sita anakiweza, na kuosha kikombe ni rahisi kuliko chuchu ya chupa.

Nilimwomba yule mama anionyeshe anavyochanganya. Akachukua kijiko cha kopo la namba 1, kwa sababu cha namba 2 kilikuwa kimezama kwenye unga, akakijaza, akakishindilia ukutani mwa kopo. Vijiko vya makopo havilingani. Na uji wenyewe ulikuwa umeanza Jumatatu ile ile, wa sembe mtupu, bila maji ya kunywa pembeni. Alikuwa amebadilisha vitu viwili kwa siku moja na kupima kwa kijiko kisicho chake. Hapo ningemlaumu nani?

Tukarudi namba 1, kijiko bapa, kisichoshindiliwa. Maji safi yaliyochemshwa kwa kikombe, vijiko vichache baada ya mlo. Papai asubuhi. Kopo la namba 2 nilimshauri asilitupe: lifungwe vizuri, na asipolimaliza ndani ya muda ulioandikwa, ambao kwa makopo mengi ni kama wiki nne tangu kufunguliwa, aachane nalo. Alirudi baada ya siku kumi kwa ajili ya kupima uzito. Choo kilikuwa laini, na shingoni mwa mtoto palikuwa na maini yaliyokaukia.