Ongeza malori, ongeza hasara: dhana potofu kuhusu gharama za makaa ya mawe

Meneja wa mgodi akibanwa na bei, hukimbilia mambo mawili: kukodi mitambo zaidi au kupunguza watu. Kwenye mgodi wa wazi kama ule wa Ngaka, wilayani Mbinga, fedha nyingi huvujia kwingine kabisa.

Dhana: Malori yakiongezeka, tani nazo zitaongezeka.

Tupige hesabu. Kijiko, yaani mtambo wa kuchimba na kupakia, kinajaza lori kwa dakika 4, na mzunguko mzima wa lori, kupakia, kumwaga na kurudi, ni dakika 20. Malori 5 yanatosha. La sita haliongezi hata kilo moja. Linakaa foleni injini ikiunguruma, dizeli inateketea na dereva analipwa. Ukitaka tani, kiangalie kijiko chenyewe. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kuondoa mwamba uliolala juu ya makaa, na mwamba ukilipuliwa ovyo hubaki mabonge. Opereta anahangaika na bonge moja, analigeuza, analiacha, analirudia. Dakika 4 zinakuwa 7. Aliyebana matumizi ya baruti hapo hajaokoa kitu.

Dhana: Greda la kuchonga barabara na boza la maji vinaweza kusubiri.

Hivi ndivyo huegeshwa kwanza bajeti ikikaza, nami naona ni kosa la gharama kubwa. Barabara ngumu iliyochongwa vizuri hulizuia gurudumu kwa takriban asilimia 2 ya uzito wa gari. Ikilainika ikafika asilimia 5, lori linakwenda kwenye tambarare kama linapanda mlima wa asilimia 3 (mita 3 kila mita 100) kwenye barabara nzuri. Mafuta yanapanda, matairi yanachanwa na mawe yaliyodondoka.

Dhana: Usalama unakula faida.

Methani, gesi inayotoka kwenye makaa, hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na vumbi la makaa ni baya zaidi. Mwaka 1906, mlipuko wa vumbi huko Courrières, Ufaransa, uliua watu 1,099. Kinga mojawapo kwa migodi ya chini ya ardhi ni unga wa mawe ya chokaa unaotandazwa njiani. Mawe ya kusagwa tu.

Dhana: Gharama zinaishia getini.

Makaa ya Ngaka yanayosafirishwa nje husafiri zaidi ya kilomita 600 kwa barabara hadi bandari ya Mtwara. Mnunuzi anataka joto. Lundo likinyeshewa bila mtaro wa kutolea maji, semi ya tani 30 yenye unyevu wa ziada wa asilimia 5 inabeba tani 1.5 za maji, ikipita Songea, Tunduru na Masasi. Mawe yaliyozolewa pamoja na makaa nayo yanalipiwa nauli ileile, kisha yanaishia kuwa majivu. Na wanaodhani watafidia kwa kujaza pomoni, mizani ipo njiani: sheria ya Afrika Mashariki inaishia tani 56 kwa gari na mzigo wake, na kinachozidi hutozwa faini.