Ukali Bila Kusikiliza Unamuumiza Kijana

Kila tukizunguka Kisauni, Likoni na Changamwe, hapa Mombasa, kwa ajili ya Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 10, hakosi mzazi wa kutukumbusha kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Hatuipingi methali hiyo. Kijana anahitaji mipaka. Tunachopinga ni mipaka inayowekwa bila kumsikiliza anayewekewa.

Tangu miaka ya 1960, Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Marekani, alipoanza kupambanua aina za malezi, tafiti nyingi zimeonyesha kuwa vijana wenye wazazi wenye msimamo, lakini wapole na wanaoeleza sababu za amri zao, hupatwa kidogo na wasiwasi na unyogovu kuliko wanaolelewa kwa amri tupu au walioachwa wajilee. Nasema mambo haya yanahusiana. Sisemi moja pekee ndilo husababisha jingine. Kijana msumbufu naye humzidishia mzazi ukali.

Saa ya kurudi nyumbani haimvunji mtoto. Kinachomvunja ni kununiwa, kuaibishwa mbele ya wageni, kulinganishwa na binamu yake kila siku.

Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka 15 hospitalini kwetu. Kila nililomuuliza kijana, mama alijibu: analala vizuri, anakula, ni uvivu tu. Kijana alikuwa akivuta uzi kwenye mkono wa shati. Mama alipotoka kwenda kulipa, aliuacha uzi, akasema: "Silali, daktari. Tangu matokeo yatoke, baba haitikii salamu yangu."

Wazazi wenzangu, unyogovu wa kijana si lazima uje na kilio. Huja na hasira, maumivu ya kichwa na tumbo, mlango kufungwa mchana kutwa. Yakipita majuma 2, acheni kuyaita utundu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kisomo na dua hatumkatazi mtu; tunaomba visiwe sababu ya kuchelewa hospitali.

Aliye chini ya miaka 18 aje na mzazi au mlezi. Tutazungumza nanyi pamoja, kisha na kijana peke yake. Anayotueleza hatuyatoi, ila maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini, au akiwa anadhulumiwa. Mzazi akiombwa asubiri nje si dharau. Hili tumelieleza mara nyingi mno.

Akitaja kujiua, au akijaribu, mleteni papo hapo. Wapo wanaoficha bado kwa kuhofia polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la kifungo kisichozidi miaka 2, au faini, au vyote viwili, kilitangazwa na Mahakama Kuu Januari 2025 kuwa kinakiuka Katiba. Kwa upande mwingine, Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto dhidi ya dhuluma ya kisaikolojia, hata ya mzazi. Ripoti hupelekwa Ofisi ya Watoto, kituo cha polisi, au kwa simu 116, bila malipo, saa 24.

Baba wa yule kijana tulimwita. Alikuja Ijumaa baada ya swala, akaketi karibu na mlango. Kwa juma la kwanza nilimwomba jambo moja tu: mwanawe akimsalimu, aitikie.