Bakteria wakaazi wa jicho la farasi

Mtazame farasi mzima kwa karibu. Jicho kubwa limetokeza pembeni mwa kichwa, linang'aa, halina wekundu wala tongotongo. Sasa vuta kope la chini taratibu, pitisha kijiti cha pamba kwenye utando wake wa waridi, kisha ukipeleke maabara. Mara nyingi bakteria wataota. Farasi huyo haumwi. Hao ndio bakteria wakaazi: vijidudu vinavyoishi juu ya jicho lenye afya bila kulidhuru. Wanaopatikana sana ni stafilokokasi, korinebakteria na basilasi, na pengine kuvu kidogo.

Neno "wakaazi" lisikufanye udhani hawahami. Jicho liko wazi muda wote, na kila farasi anapopepesa, machozi huwaosha. Machozi yenyewe yana lisozaimu, kimeng'enya kinachobomoa kuta za bakteria, na kope la tatu, utando ulio kwenye kona ya ndani ya jicho, hufagia juu ya konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho. Kwa hiyo wanaoonekana leo ni wale walioingia na bado hawajaondolewa, pamoja na wachache waliozoea kukaa hapo.

Majira yakibadilika, hubadilika pia wanaoingia. Kiangazi huleta vumbi, na vumbi hubeba basilasi, ambao mbegu zao huvumilia ukavu udongoni. Joto huleta nzi, wanaonyonya machozi ya farasi huyu na kutua kwenye jicho la yule. Kukiwa na baridi kali, farasi hufungiwa bandani, pua na macho vimezama kwenye nyasi kavu, na nyasi zilizohifadhiwa na unyevu hujaa mbegu za kuvu. Ndiyo maana farasi yuleyule, akiwa na afya ileile, anaweza kutoa majibu tofauti miezi michache baadaye.

Hapa ndipo wengi hukosea, nami naliona kosa kubwa: kuona jina la bakteria kwenye karatasi ya maabara na kukimbilia antibayotiki. Dawa hiyo huua wakaazi na kuwaachia kuvu nafasi. Lakini bua la nyasi likikwaruza konea, mkaazi huyohuyo mpole hupata mlango wa kuingilia, na kidonda kinaweza kuharibika haraka. Farasi anayefumba jicho moja na kutokwa machozi aonwe na daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Naye daktari atasoma majibu ya maabara akiwa amelikagua jicho lenyewe, na akijua ni majira gani na farasi amekuwa akilala wapi.