Bwawa dogo la burudani: yanayoaminika na ukweli wake

“Ni kibwawa tu cha kuvulia samaki, kitamdhuru nani?” Katika yote yanayosemwa kuhusu mabwawa ya watu binafsi, hili ndilo linalonitisha zaidi. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Bwawa la mita 100 kwa 100, lenye kina cha wastani cha mita 3, ni tani 30,000 zinazoegemea tuta la udongo. Bwawa la Kelly Barnes, karibu na Toccoa katika jimbo la Georgia, Marekani, lilikuwa na tuta la mita 12 hivi, na kwa takriban miaka 20 lilikuwa la burudani tu. Tarehe 6 Novemba 1977, saa saba na nusu usiku, lilipasuka juu ya chuo cha Biblia kilichokuwa bondeni. Watu 39 walikufa.

Wengine hujifariji kwamba bwawa lililosimama miaka mingi limeshajithibitisha. Lile la Toccoa nalo lilikuwa la miongo mingi. Udongo huchoka taratibu: bomba lililopita ndani ya tuta hushika kutu, wanyama huchimba mashimo, na maji hupata upenyo. Maji yakichuruzika upande wa nje yakiwa maangavu, yafuatilie kila wiki. Yakitoka na tope, tuta linaliwa kutoka ndani: mwite mhandisi siku hiyohiyo, na uwaarifu walio bondeni.

Miti je, si inashika udongo? Nyasi fupi, ndiyo. Mti mkubwa ukifa, mizizi yake huoza na kuacha vijia ambamo maji hupenya. Ukiangushwa na upepo, huondoka na kipande cha tuta.

Kosa jingine hufanywa kwa nia njema kabisa. Mwenye bwawa anaona samaki wanatoroka kupitia njia ya maji ya ziada, anaweka wavu. Au anaifukia apate uwanja. Klabu ya matajiri iliyomiliki bwawa la South Fork, Pennsylvania, iliweka vizuizi vya samaki kwenye njia hiyo na kupunguza kimo cha tuta ili magari ya farasi yapite. Mabomba ya chini ya kupunguzia maji yalikuwa yameng’olewa tangu zamani, na klabu haikuyarudisha. Mvua kubwa ilipokuja, tarehe 31 Mei 1889, maji yalipanda juu ya tuta, na watu zaidi ya 2,200 wakafa katika bonde la mji wa Johnstown. Tuta la udongo halikujengwa lipitiwe na maji juu yake. Njia ile ndiyo roho ya bwawa, hata kama hukaa kavu mwaka mzima.

Manusura wa Johnstown walikwenda mahakamani dhidi ya klabu wasipate kitu. Labda ndiyo maana bado wapo wanaosema, “Ardhi yangu, bwawa langu, na mkandarasi ndiye atakayejibu.” Lakini tangu 1868, katika kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher, mahakama ya juu ya Uingereza ilishaamua vingine: mwenye bwawa aliwapa mafundi kazi, hakuzembea yeye mwenyewe, na bado alitakiwa kulipa maji yalipofurika mgodi wa jirani. Nchi nyingi zilirithi kanuni hiyo, ingawa si zote zinaitumia kwa namna ileile. Kwa hiyo anayenunua shamba lenye bwawa aulize kumbukumbu za ukaguzi kabla ya kuuliza kuhusu samaki.

Akiambiwa bwawa liko daraja la hatari kubwa, asidhani maana yake ni bovu. Mara nyingi daraja hilo hupima madhara yatakayotokea likivunjika. Nyumba mpya zikijengwa bondeni, daraja hupanda bila tuta kuguswa.

Na aliyelichoka asifungue maji yote kwa mkupuo. Udongo wa upande wa ndani umeloa. Maji yaliyokuwa yakiushikilia yakiondoka ghafla, unaweza kuporomoka. Maji hupunguzwa polepole, kwa kasi anayoipanga mhandisi.