Wastani wa darasa si darasa lako

Muhula una wiki tatu tu na tayari nimeulizwa swali lile lile mara tano. Huyu wa tano ndiye aliyenikalisha kuandika. Alinisubiri mlangoni mwa ukumbi baada ya mhadhara, simu mkononi, amefungua ukurasa wa maelezo ya idara. "Mwalimu, hapa mmeandika wastani wa darasa ni wanafunzi 58. Humu ndani tuko mia nne. Mbona mlitudanganya?"

Hakuna aliyedanganya, na ndiyo maana jambo hili linaniudhi kuliko uongo. Uongo ukigunduliwa hufutwa. Namba hii ni ya kweli, imehesabiwa sawasawa, na bado haimhusu aliyeuliza. Wazazi wanachagulia watoto wao vyuo kwa namba hii. Wanafunzi wakifika na kukuta ukumbi umejaa, wanaamua ama chuo ni kitapeli au wao ndio wenye bahati mbaya. Mimi kazi yangu ni kufundisha takwimu. Nikinyamaza mimi, nani aseme?

Hebu tupige hesabu. Chukua idara yenye madarasa kumi. Moja ni la kozi ya utangulizi, lina watu 400. Tisa yaliyobaki ni semina za watu 20 kila moja. Jumla ya viti ni 580. Gawa kwa madarasa kumi, unapata 58. Ndiyo namba inayochapishwa. Tazama kwanza kwamba katika idara nzima hakuna darasa hata moja la watu 58, wala linalokaribia.

Sasa acha kuyauliza madarasa, waulize waliokaa kwenye viti. Mpitie kila mmoja: darasani kwenu mko wangapi? Watu 400 watakujibu 400. Watu 180 watakujibu 20. Jumlisha majibu yote, gawa kwa 580, unapata 282.

Wastani ni 58 ukihesabu madarasa, ni 282 ukihesabu wanafunzi. Hesabu zote mbili ni halali. Kwenye orodha ya idara, ukumbi wa watu 400 unachukua mstari mmoja, sawasawa na semina ya watu 20. Lakini katika maisha ya watu, ukumbi ule unaonekana mara mia nne. Asilimia 90 ya madarasa ya idara hii ni madogo, na asilimia 69 ya viti vimo ndani ya lile moja kubwa. Ukitaka kuliona vizuri, chukua hali ya kupindukia: kozi iliyotangazwa ikakosa hata mwanafunzi mmoja. Kwenye orodha inaushusha wastani. Kwa wanafunzi, hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia humo akafaidi upweke wake.

Si jambo jipya. Watafiti Scott Feld na Bernard Grofman waliliandika mwaka 1977, na Feld huyo huyo mwaka 1991 akaonyesha kwamba hesabu hiyo hiyo ndiyo inayofanya rafiki zako, kwa wastani, wawe na marafiki wengi kuliko wewe. Kwa wanaonisoma ambao wameshafika kwenye varianzi, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani: chukua varianzi ya ukubwa wa madarasa, igawe kwa wastani, jibu liongeze kwenye wastani. Hapa varianzi ni 12,996. Gawa kwa 58 unapata 224, ongeza 58, ni 282. Maana yake, wastani wa mwanafunzi hauwezi kamwe kuwa mdogo kuliko wa idara. Hulingana pale tu madarasa yote yanapokuwa na ukubwa mmoja, na sijawahi kuiona idara ya namna hiyo.

Uwiano wa wanafunzi kwa mhadhiri nao nitaupitia haraka. Chuo kikisema mhadhiri mmoja kwa wanafunzi 18, usitegemee darasa la watu 18. Kama kila mwanafunzi anasoma kozi tano kwa muhula na kila mhadhiri anafundisha mbili, wastani wa darasa ni 18 mara tano gawa kwa mbili, yaani 45, na hiyo ni hesabu ya upande wa idara. Wakiwa wamo humo wahadhiri ambao kazi yao ni utafiti na hawaingii darasani, ongeza tena.

Mtu ataniambia vyuo vingine hughushi kabisa. Kweli. Mwaka 2022 Michael Thaddeus, profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Columbia, alikagua takwimu ambazo chuo chake mwenyewe kilipeleka kwa jarida la U.S. News, linalopanga vyuo vya Marekani kwa nafasi. Chuo kilidai asilimia 82.5 ya madarasa ya shahada ya kwanza yana wanafunzi pungufu ya 20. Yeye alipohesabu kwa kutumia orodha ya kozi alipata kati ya 62.7 na 66.9. Chuo kikakiri makosa katika takwimu zake na kuporomoka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18. Mwaka uliofuata jarida likakiondoa kabisa kipimo cha ukubwa wa darasa. Watu wengi walilichukulia kama suala la uaminifu, na walikuwa na haki. Lakini hebu chukulia ile 82.5 ingekuwa sahihi. Bado ingekuwa asilimia ya madarasa. Idara yangu ya mfano ina asilimia 90, na watu saba katika kila kumi wamekaa ukumbini.

Kuna jambo moja ninalopaswa kulisema kwa haki. Idara ingeweza kuyalinganisha madarasa yake yote, watu 58 kila moja, kwa wahadhiri wale wale. Wastani mbili zingekutana na malalamiko haya yangeisha. Semina ya mwaka wa mwisho, ile ambayo mwanafunzi analeta rasimu yake na wenzake wanaipekua aya kwa aya, ingekufa. Kwa hiyo idara inajaza ukumbi mmoja ili ipate kulinda semina tisa, na mwanafunzi yule yule anayekaa leo kwenye watu 400 huenda akafika kwenye watu 20 baada ya miaka miwili. Nauelewa uamuzi huo, na nimewahi kuupigia kura. Ninachokipinga ni kuwaficha wanaoulipia. Wanaoulipia ni wa mwaka wa kwanza, katika wiki zile zile ambazo mtu hajui hata kama anastahili kuwapo hapo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kukaa safu ya 22 katika mhadhara wa mwenzangu, nikakaa dakika zote hamsini. Nilikuwa nimefundisha katika ukumbi ule kwa miaka bila kuuona kutoka nyuma. Grafu iliyokuwa kwenye skrini ilionekana mstari wake, lakini maneno ya kwenye mhimili wima hayakusomeka. Mhadhiri alipogeukia ubao, sentensi ilikatika katikati na nusu yake haikutufikia. Kijana aliyekaa kushoto kwangu aliandika swali pembeni mwa daftari lake. Akalitazama. Akainua macho kuona kama kuna mwingine aliyenyoosha mkono, hakuna. Dakika chache baadaye akalikata kwa mstari mmoja, taratibu, akaendelea kunakili. Hakuna tathmini ya mwisho wa muhula itakayolihesabu swali lile.

Mtu akisoma hivi atasema basi gawanyeni ukumbi. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanafunzi wangu na wenzangu wengi pia. Chukua lile darasa la 400, litoe madarasa manne ya 100. Unahitaji wahadhiri watatu wa ziada. Namba iliyochapishwa inashuka kutoka 58 hadi 45, wala haimshtui mtu. Wastani wa mwanafunzi unaanguka kutoka 282 hadi 75. Kwa kipimo changu mwenyewe huo ni ushindi mkubwa. Ila nikipewa saa hizo za wahadhiri watatu, sitazitumia huko.

Mhadhara wa watu 100, mwalimu akizungumza na wanafunzi wakinakili, haupishani sana na wa watu 400. Bandiera, Larcinese na Rasul walifuatilia alama za wanafunzi wa chuo kimoja cha Uingereza, wakachapisha mwaka 2010: ukubwa wa darasa uliumiza pale madarasa madogo kabisa yalipoongezwa watu na pale makubwa kabisa yalipozidi kujazwa, lakini katikati, kwa upana mkubwa, kuongeza watu hakukubadili kitu. Mnaougombania ni ukumbi. Kinachopotea hasa mwanafunzi hakioni, kwa sababu hakijawahi kumfikia: mtu wa kuisoma kazi yake.

Kazi moja ya kurasa tatu, nikiisoma kwa makini na kumwandikia mwanafunzi pale hoja yake ilipoteleza, inanichukua dakika kumi. Kwa semina ya watu 20 ni saa tatu na dakika ishirini, jioni moja. Kwa watu 400 ni dakika 4,000, yaani karibu saa 67. Hiyo ni wiki nzima ya kazi na zaidi, kwa kazi moja, ya kozi moja. Kwa hiyo tunatunga maswali ya kuchagua jibu, mashine inasahihisha, na mwanafunzi anapokea namba. Mnasema wahadhiri hatuwajali. Wapo wasiojali, sikatai. Lakini yule anayejali naye ana saa zile zile, na akikupa alama bila neno hata moja, kwako wewe hatofautiki na asiyejali. Saa za wale wahadhiri watatu ningezitumia kusoma.

Na ndani ya ukumbi wenyewe kuna la kufanya. Mwaka 2011 Deslauriers, Schelew na Wieman walichapisha jaribio la fizikia katika Chuo Kikuu cha British Columbia: makundi mawili ya watu 270 hivi kila moja, kundi moja likafundishwa na mhadhiri mzoefu kwa mtindo wa kawaida, lingine kwa maswali, mijadala ya wawiliwawili na mrejesho wa papo hapo. Kwenye mtihani wa mwisho kundi la kwanza lilipata wastani wa asilimia 41, la pili 74. Watu 270! Mwaka 2014 Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za sayansi na hisabati: waliofeli kwenye mihadhara ya kawaida walikuwa asilimia 33.8, na palipokuwa na ufundishaji shirikishi 21.8.

Tangu nisome hayo nimebadilisha ufundishaji wangu, na ninauamini. Lakini nina mashaka ambayo vitabu vya mbinu huyapitia juu juu. Lile jaribio la British Columbia lilichukua wiki moja tu, na walioingia kufundisha kundi la pili walikuwa miongoni mwa waandishi wa utafiti wenyewe. Mtu anayetaka jambo lake lifanikiwe hufundisha kwa moto mwingine. Freeman naye aliona faida ipo katika madarasa ya kila ukubwa, ila ilikuwa kubwa zaidi katika yasiyozidi watu 50. Kwa hiyo ukubwa haujafutika kama wanavyotangaza baadhi ya wenzangu. Na mwaka 2019 Deslauriers na wenzake wengine walionyesha kwamba wanafunzi wa madarasa shirikishi hujifunza zaidi huku wakihisi wamejifunza kidogo. Basi mwanafunzi akiniambia kwa uchungu kwamba haelewi kitu, siku nyingine sijui kama nimwamini yeye au nimwamini mtihani. Jambo hilo naondoka nalo hadi nyumbani.

Kwa anayechagua chuo: usiulize wastani. Uliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakaa na watu wangapi katika kila kozi yake, kozi kwa kozi. Uliza nani anasahihisha na kama anaandika chochote zaidi ya alama. Na ukishafika, nenda ofisini kwa mhadhiri wiki ya pili, usingoje ya kumi na mbili. Saa za kuonana na wanafunzi huwa tupu mwanzoni, nami hukaa pale mlango wazi.

Yule wa mlangoni nilimchorea ile hesabu nyuma ya karatasi. Aliitazama kwa muda, akasema, "Kwa hiyo 58 ni ya kwenu, 282 ni yetu." Nikamwambia ndiyo.

Kwa ajili ya wale wanaokata maswali yao, muhula huu kila anayetoka ukumbini anaacha kikaratasi chenye swali moja, bila jina, na namba ya safu aliyokaa. Mimi huvisoma vyote usiku ule ule, kama saa moja hivi. Alhamisi iliyopita kimoja kilitoka safu ya 21. "Mwalimu, kwenye mhimili wima pameandikwa nini? Huku nyuma hatuoni." Nimeshakaa mwenyewe safu ya nyuma yake, na bado slaidi zangu zilikuwa na herufi zile zile. Nilizipitia zote usiku huo, moja baada ya nyingine, nikakuza maandishi.