Mtaji unayeyuka? Acha kusingizia chuma ulete

Wenye maduka ya rejareja huja na shauri lile lile: wateja wapo, mauzo yapo, mtaji unapungua, kwa hiyo kuna mtu anawafanyia chuma ulete, yaani uchawi wa kuvuta pesa za duka. Ukiomba daftari, halipo.

Tupige hesabu. Mauzo ya siku ni sh. 200,000. Bidhaa zilizouzwa zilinunuliwa kwa 172,000, faida ghafi 28,000. Toa pango 5,000, msaidizi 5,000, kusafirisha mzigo 3,000, umeme 1,000. Zinabaki 14,000. Jioni mwenye duka anachukua 20,000 ya nyumbani, na mchana watoto walishabeba unga na sukari vya 4,000. Leo amekula mtaji 10,000. Kwa mwezi 300,000. Mchawi hayupo hapo. Droo ilijaa, naye akaona zote ni faida.

Jipangie posho, tuseme 10,000 kwa siku, na unga wa nyumbani ukatwe humo humo kwa bei ya kununulia. Andika kila mauzo yanapofanyika, si jioni kwa kukumbuka; hili sitachoka kulisema. Ukifunga, chukua chenji ya asubuhi, jumlisha mauzo taslimu na madeni yaliyolipwa, toa kila kilicholipwa au kuchukuliwa. Jibu lilingane na pesa ya droo na ya simu. Pungufu liandikwe siku hiyo hiyo.

Kila wiki hesabu vinavyopotea kirahisi: sigara, vocha, mafuta ya kupima, sukari. Gunia la kilo 50 likitoa kilo 48, kagua mizani kwanza. Gramu 40 za ziada kwenye kila kilo zinameza karibu kilo mbili nzima.

"Msaidizi ni ndugu yangu, nimkague wa nini?" Muuzaji asihesabu stoo peke yake, awe ndugu au mgeni. Hesabuni wawili, mtie saini. Siku mzigo ukipungua, karatasi hiyo ndiyo itakayomtetea.

"Kukopesha kunaongeza mauzo." Mfuko wa unga ulioununua 38,000 unauza 40,000. Mdaiwa mmoja akihama mtaa, inabidi uuze mifuko 19 kufidia.

"Daftari linakuchongea TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania)." Kinyume chake. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vya mwaka 2019, mwenye mauzo ya milioni 8 kwa mwaka bila kumbukumbu alitozwa 250,000. Mwenye kumbukumbu alilipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, yaani 120,000. Viwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha, hivyo nenda ofisini kwao ukaulize vya mwaka huu, daftari likiwa mkononi.